Mvua Nilizozinyesha Mwenyewe

Miaka ile ya foleni, madukani hamna kitu, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Butiama, na pamoja na hesabu za darasa la nne nilikabidhiwa mvua. Yaani kipimo chake: chupa ndani ya mkebe wa shaba, faneli juu, na gilasi yenye mistari. Kila saa tatu asubuhi namimina maji ya chupa kwenye gilasi, nasoma milimita, naandika. Mwisho wa mwezi fomu inakwenda wilayani, nami napewa mche wa sabuni. Wenzangu walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Mimi nilinukia kama bibi harusi, na sikuona haya hata kidogo.

Aliyeharibu ni mwalimu mkuu. Mafuta ya taa yalikuja dumu moja kwa walimu wote, na kugawana kwa macho kulituletea matusi. Akaazima gilasi yangu ili kila mtu apate haki yake mpaka tone la mwisho. Walimu wanne walipata haki. Kwa wa tano gilasi ilimponyoka mkuu mkononi, ikavunjika. Nyingine haikupatikana Musoma wala Mwanza. Kutoa taarifa maana yake kituo changu cha mvua kifungwe, na kituo kikifungwa, sabuni nayo kwaheri.

Basi nikapima kwa goti. Jirani yangu, mama mmoja wa Kizanaki, alikuwa na goti lililouma kila mvua ikikaribia.

"Goti limeamkaje, mama?"

"Halikunilaza, mwalimu. Linaumaga hivi ikija kubwa."

Naandika milimita thelathini. Akisema linawasha tu, tano. Akisafiri kwenda kwa mdogo wake Bunda, namkadiria.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sabuni za kila rangi zikajaa madukani, na ningeweza kuacha uongo. Sikuacha. Nilikuwa nimeshaanza kuuza mitumba Bunda, na nani afunge biashara akachungulie chupa? Mvua za wiki nzima niliziandika Jumapili baada ya chai, na nikiwa na furaha wilaya nzima ililowa. Nilipostaafu nikapewa cheti cha utunzaji bora wa kumbukumbu. Nilikitundika sebuleni.

Binti yangu analima Suguti, na jembe ndilo linalomlishia watoto watatu. Siku hizi mvua haijulikani inakuja lini. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yalikauka kabla ya kubeba. Safari hii aliuza ng'ombe wake wa mwisho akanunua mbegu. Ukiharibika na msimu huu, hana tena cha kuuza.

Ndipo akanialika mkutano wa wakulima kwenye ukumbi mmoja pale Mukendo, Musoma mjini. Dada mmoja mtaalamu, mpole, alisimama na kompyuta yake akatueleza habari za akili mnemba. Imesoma mvua zote za zamani za mkoa wetu wa Mara, alisema, ikazilinganisha na za sasa, na ndiyo inayowatumia wakulima ujumbe kwenye simu: pandeni, au subirini. Hivyo ndivyo tutakavyopambana na mabadiliko ya tabianchi. Mimi nilikuwa nyuma natafuna karanga za wenyeji wetu.

Akaonyesha ukutani kumbukumbu za vituo vya zamani. Vingi vilikuwa na matundu matupu, kwa sababu watu waaminifu wakiugua malaria huandika kwamba hawakupima. Kimoja tu hakikukosa siku hata moja. "Hiki," akasema, "ndicho kilichoifundisha mashine yetu zaidi ya vingine vyote." Kilikuwa cha kwangu. Ukumbi ukapiga makofi, na binti yangu akanishika mkono nisimame nionekane.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kama mashine ile inaniamini mimi, basi tabianchi ya Mara ilibadilika siku ile gilasi ilipovunjika.

"Mwanangu," nikamwambia mtaalamu, "zile mvua nyingi ni goti la jirani. Zilizobaki nimetunga."

Watu wakacheka, wakidhani bibi anachangamsha kikao. Yeye hakucheka. Aliuliza ni miaka mingapi, nikamwambia. Akasema mashine inafundishika upya. Wataondoa vipimo vyangu, ibaki na matundu ya kweli, na itafaa. Ila hiyo ni kazi ya msimu mzima.

Nilipumua. Nikamgeukia binti yangu, nikamwambia kama ujumbe wa kupanda umemfikia, aufute, asubiri kwanza.

"Nimeshapanda, mama."

"Mbegu zote?"

Alikuwa anatazama viatu vyake. "Mimi kila mwaka napandaga nusu kwanza, nione. Halafu bwana shamba akasema mashine imefundishwa na vipimo vya mama yangu. Nikamwaga zote."