Divai Isiyo na Sukari

Mwaka 2017 nilikuwa naosha glasi katika mgahawa wa wenye nazo huko Rosebank, Johannesburg, na hapo ndipo nilipoijua divai nyeupe isiyo na sukari. Ilitoka Elgin, bonde la Cape lenye baridi, ambako zabibu huiva polepole bila kusukumwa na jua. Nilipoionja mara ya kwanza nilidhani imechacha. Baadaye niliipenda: ina ukali wa ndimu, na ikishashuka kooni mdomo unabaki safi. Nikaanza kujiona mtu.

Kwa hiyo mdogo wangu alipotaka kuoa, nilisema hatutakwenda na divai tamu ya sanduku kama kila Mkongomani mwenzetu wa mtaa wa Malvern. Wazazi wetu walifia Bukavu. Mimi, yaya wake, yaani dada yake mkubwa, ndiye niliyemlea, na mimi ndiye ningesimama kama mama yake. Alikuwa mlinzi wa duka huko Marshalltown, mpole mbele za watu, mwimbaji wa kwaya. Mchumba wake alisuka nywele katika saluni ya Jules Street.

Kwetu, kubisha hodi ukweni hufanywa kwa kasiksi, pombe ya ndizi. Binti hupewa kikombe cha kwanza mbele ya pande zote mbili. Akionja na kumpelekea baba yake, amekubali. Akikunja uso na kukiweka chini, mazungumzo yamekwisha, wala hakuna anayeruhusiwa kumuuliza sababu. Johannesburg kasiksi haipatikani, basi tunatumia divai, lakini sheria ni ile ile.

Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu ampe binti kinywaji kikali katika shughuli kama hiyo? Mimi nilimpa. Akaonja, akakunja uso kama aliyetafuna mwarobaini, akakiweka kikombe chini.

"Mama, munatuletea siki?" baba yake mkubwa akaniuliza.

"Si siki, papa. Ni divai ya bei kabisa."

"Basi mutoto amekataa. Tumeona wote."

Nilibishana nao mpaka sauti ikanikauka. Niliomba tulete divai nyingine, wakasema kikombe hakiinuliwi mara mbili. Tulipotoka, mdogo wangu alisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akisubiri teksi, hanitazami.

"Yaya, umeniharibia maisha," akasema.

Akahamia Durban, akaacha kupokea simu zangu. Nilijichukia, na kile kiburi changu cha Rosebank nikakilaani. Ile divai sikuinywa tena. Hata harufu yake kwenye glasi za wateja ilinichefua.

Mwaka 2019 niliingia saluni ya Jules Street kwa sababu mvua ilinikamata karibu nayo, nikamkuta yule binti, bado yuko pale. Nilitaka kutoka. Akanionyesha kiti, nikaketi, akaanza kunifumua nywele. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha. Kisha akaniinamia sikioni.

"Yaya, ile divai haikukuwa mubaya. Ilikuwa tu kali."

"Basi mbona ulikunja sura?"

"Mudogo wako alikuwa ananipiga. Nani angeniamini? Yeye ni mutu wa kanisa, na baba alikuwa anamupenda sana. Kama ilikuwa tamu, ningeogopa kukunja sura mbele yake. Nilipoionja nikasema, Mungu amenifungulia mulango."

Akakishika kidole changu, akakiweka nyuma ya sikio lake. Palikuwa na kovu refu. Nililia pale pale, kichwa nusu kimefumuliwa, wateja wananitazama. Mtoto niliyembeba mgongoni ndiye aliyefanya hivyo.

Haukupita muda mrefu mdogo wangu akanipigia, mchangamfu kama vile hatujawahi kugombana. Kumbe alihitaji wa kusimama kama mama yake.

"Yaya, nimepata muke huku Durban. Kuja unisimamie ukweni. Lakini eish, safari hii leta divai ya sukari!"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Sitakusimamia," nikamwambia. "Nitakuja, lakini nitakuja kuzungumza na huyo binti na wazazi wake. Nimeambiwa."

Nilisikia magari yakipita upande wake. Moyoni nilikuwa namsihi akane, akasirike, aniite mwongo.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Hakuuliza nimeambiwa nini.