Siku Niliyojiita Muflisi

Madalali walifika dukani kwangu Makutano asubuhi, nikiwa natia kola kwenye shati la shule. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeshona sare za wanafunzi, mimi na wanawake wawili niliowaajiri. Kisha korona ikafunga shule, na marobota ya kitambaa niliyonunua kwa mkopo wa benki yakabaki rafuni. Nani angemshonea mtoto kaptura ya shule, na shule zenyewe zimefungwa? Ili kuituliza benki nikamwendea mkopeshaji mmoja wa mjini. Huyo ndiye aliyewatuma madalali.

Walibeba marobota yote. Waliposhika cherehani, niliilalia kifudifudi.

"Hii haitoki hapa," nikasema.

"Mama, ukituzuia utalala ndani," mkubwa wao akanijibu. Lori lilikuwa limejaa. Wakaondoka wakisema watarudi.

Maneno hayo, kulala ndani, yalinitesa kuliko deni lenyewe. Nilizima simu. Nikisikia gari limesimama nje, naingia nyuma ya pazia la wateja kujaribia nguo. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, nimejificha ndani ya duka langu mwenyewe! Siku moja mzee aliyekuwa karani wa korti kabla ya kustaafu alileta suruali ipunguzwe kiuno, akanikuta huko.

"Unamkimbia nani?"

Nikamweleza yote. Hakunionea huruma hata kidogo.

"Sheria ya watu kama wewe ipo. Nenda kortini mwenyewe useme umeshindwa. Usingoje kupelekwa."

"Nijiite muflisi, mzee?"

"Muflisi umeshakuwa. Kilichobaki ni kuacha kujificha."

Nilikasirika. Usiku huo sikulala kwa hasira, na asubuhi hasira hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka kortini. Karani wa kike aliyekuwa dirishani alinisikiliza, nami nikauliza kwa sauti, ingawa watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu.

"Nitafungwa?"

"Mtu hafungwi kwa sababu hana. Mwenye nacho akikataa kulipa, au akificha mali, huyo ndiye mwenye taabu."

"Watachukua kitanda changu? Cherehani?"

"Vitu vya lazima vya nyumbani na vifaa vya kazi yako unaachiwa, kwa kiasi."

"Na ploti yangu ya Mikinduri?"

"Hiyo itauzwa, mama."

Ploti hiyo niliinunua kwa jasho la miaka sita. Nikauliza habari za shamba la majani chai la mama yangu kule Kibugu.

"Liko kwa jina la nani? Aliwahi kukudhamini?"

"Ni lake. Hajawahi kunidhamini."

"Basi wanaokudai haliwahusu. Lakini asitie sahihi karatasi yoyote."

Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye ngazi za korti. Akaniambia mkopeshaji alikuwa ameshafika Kibugu jana yake. Alimkuta shambani, kikapu mgongoni, miguuni gambuti, akadhani amempata mjinga. Mama alimkaribisha chai.

"Weka kidole hapa tu, mama, msichana wako asifungwe," mkopeshaji akamwambia.

Mama alitoa miwani mfukoni. Aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, kwa sauti, huku mgeni akitazama saa. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba malipo ya majani yake yatakwenda kwa mkopeshaji, akaikunja akamrudishia.

"Binti yangu ni mtu mzima," akasema. "Na haya majani nilipanda mimi. Maliza chai uende."

Nilicheka pale kwenye ngazi mpaka askari akanigeukia. Sikuwa nimecheka kwa miezi.

Korti ilinitangaza muflisi, na jina langu likatokea gazetini. Tangu siku hiyo wanaonidai hawakuruhusiwa kunijia mmoja mmoja. Wote walipeleka madai yao kwa afisa wa serikali anayesimamia mali za waliofilisika. Katika mkutano wao mkopeshaji alisimama akanielekezea kidole.

"Huyu ananiibia kwa sheria!"

"Ulipokuwa ukinitoza riba juu ya riba hukuikumbuka sheria," nikamjibu. Afisa akatunyamazisha sote wawili. Ploti ikauzwa, kila mtu akapata fungu lake, naye pia. Cherehani ikabaki.

Kanisani nilikuwa mweka hazina wa akina mama. Jumapili iliyofuata gazeti walinong'ona nilipoingia. Nikasimama mbele yao.

"Jina mlilosoma ni langu. Funguo za sanduku ni hizi. Lakini kiti changu cha mbele sikihami."

Nikaketi. Aliyekuwa kando yangu alisogeza mkoba wake upande wa pili. Iliniuma, sitadanganya.

Miaka mitatu nilishona bila mkopo, kwa fedha taslimu tu: aproni, kanzu za kwaya, mapazia. Wale wanawake wawili sikuweza kuwarudisha kazini, na hilo bado linanisumbua. Kisha nikaondolewa ufilisi, na madeni yale yakakoma.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alikuja dukani, akainama juu ya meza na kuanza kuninong'oneza kuhusu deni lake. Nikamvutia kiti.

"Ongea kwa sauti, mwalimu," nikamwambia. "Hapa hakuna aliyeiba."