Nyanya Hafundishi, Anaonyesha Tu

Msimu wa kuchuma kahawa ukifika, ule uchachu wa maganda yanayooza nyuma ya kiwanda hunifikia nikiwa bado mbali barabarani. Wenzangu hufunga vioo vya gari. Mimi hupandwa na hasira, na leo nitawaambia kwa nini, maana nimeibeba tangu darasa la tano.

Shule yetu ilikuwa kwenye vilima vya Othaya. Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza aliandika kitenzi kimoja ubaoni, teach, akataka kila mmoja wetu akitungie sentensi. Sikuhitaji kufikiri. Niliandika kwamba nyanya yangu ananifundisha kuchuma kahawa, tena kwa ule mwandiko wangu mzuri wa kuonyesha wageni.

Mwalimu alipiga alama nyekundu ya kosa hadi karatasi ikachanika. Kisha akanisimamisha mbele ya darasa.

"Cucu yako ako na certificate gani ya ualimu?"

"Hana, mwalimu."

"Sasa ata-teach aje? Ati teach! Mwenye hajasoma ana-show tu. Hiyo verb ni ya watu wamesomea."

Darasa zima liliangua kicheko. Niliamriwa kuandika mara ishirini kwamba mwalimu ndiye anayetufundisha. Jamani, sentensi yangu haikuwa na kosa hata moja! Kilichomkera ni kwamba ndani yake alikuwamo mwanamke asiyejua kusoma, na alikuwa amekalia kiti ambacho mwalimu alidhani ni chake.

Na nyanya huyo ndiye aliyenilea. Kila Jumamosi asubuhi, umande ukitulowesha hadi magotini, alinisimamisha kando ya shina moja na kunishika vidole. Tunda jekundu tu. Unalishika kwa ncha za vidole, unalizungusha kidogo, linakuja lenyewe na kuacha kikonyo chake kwenye tawi. Ukiling'oa na kikonyo, alisema, umeng'oa na la mwaka ujao. Nikikosea hakunipiga, alirudia tu, hata mara kumi. Kama huko si kufundisha, sijui mimi nilifundishwa nini maishani.

Wiki chache baadaye tulipelekwa kuchuma kahawa ya shamba la shule, mwalimu huyohuyo akitusimamia na kutuhimiza tuharakishe. Tulikamua matawi kwa viganja, mabichi na mabivu pamoja, majani juu yake. Kiwandani, karani alimwaga gunia la kwanza chini, akalitazama, akaturudisha na magunia yote. Mwalimu mkuu aliona aibu. Akatuma aitwe mama anayesifiwa kijiji kizima kwa kahawa safi, na huyo alikuwa nyanya yangu.

Alikuja na gambuti zake na kitambaa kipya kichwani, uso umeng'aa mafuta kama siku ya kanisa. Alichuma tawi moja taratibu, sote tukimtazama. Kisha akaniita kwa furaha, "Kuja, mami. Onyesha wenzako vile sisi hufanya."

Wote walinigeukia. Mwalimu naye alinitazama, amekunja mikono kifuani. Nilikisikia kile kicheko kabla hakijatoka. Nikalishika tawi kwa kiganja na kulikamua lote kwa mkupuo mmoja, mabichi kwa mabivu, vikonyo vikiwa vimeng'ang'ania. Nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya. Nilitaka asiwepo mtu wa kusema kwamba ni nyanya aliyenifunza.

Nyanya hakunikemea. Aliinama, akaokota matunda moja moja kutoka kwenye matope, akayatia kikapuni.

"Huyu bado ni mdogo," aliwaambia. "Atashika."

Tulipomaliza, mwalimu alimpa mkono. "Asante sana, cucu, kwa kutu-show." Nilimwona akilichagua lile neno, na damu ilinichemka.

Inanichemka hadi leo. Lakini imenichukua miaka mingi kukubali jambo hili. Mwalimu yule alimnyima nyanya yangu neno la Kiingereza, lugha ambayo hakuijua, na hakupata kusikia kwamba amenyimwa. Mimi nilimkana kwa mikono yangu, mbele ya shule nzima, katika kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote pale. Hilo alilielewa vizuri.