Mama Dari na Bega Lililoitwa Mwongo

Shemeji yake ndiye aliyemwita mwongo. Hakunong'ona, alitamka mbele ya mafundi wote, kwenye sebule ya nyumba iliyokuwa bado ikijengwa, hata madirisha haina: "Huyu haumwi bega. Anakwepa kazi."

Mwanamke huyo walimwita Mama Dari, maana hakuna aliyepaka dari kama yeye bila tone kudondoka. Msimamizi wao, huyo Shemeji, alikuwa mdogo wa mumewe. Bega la kulia lilipoanza kumuuma, alijikaza. Usiku hakuweza kulilalia, na asubuhi kuvaa blauzi ilikuwa vita. Siku hiyo Shemeji alimkuta mkono uko juu kabisa, rola ya rangi inagusa dari, uso umetulia. Alipoushusha, katikati akagumia.

"Kumbe ukiwa juu ni mzima, ukishuka unaugua? Shemeji, bega lako limesomea maigizo."

Mafundi wakacheka. Kesho yake akapewa ufagio.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kujishuku. Maumivu gani haya yanayokukuta njiani, kisha yanakuacha ukifika?

"Twende kwa wataalamu wa viungo," mumewe akasema. "Kama ni uongo, watakuambia wao."

Mtaalamu alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya baridi. "Mama, inua mkono kwa pembeni, taratibu. Niambie unapouma."

"Bado. Bado. Hapa. Hapa pia." Mkono ukapita usawa wa sikio. "Sasa maumivu yameniacha." Akasubiri kuchekwa.

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo," binti akasema. Akamgeuza mkono, dole gumba likatazama chini, akaukandamiza kidogo. Kwa maumivu, Mama Dari akalia akimwita mama yake mzazi.

Akaelezwa: juu ya bega kuna mfupa kama paa, na chini yake hupita kano, ugwe unaoshika msuli. Ukipaka juu ya kichwa miaka nenda rudi, kano huvimba, na mkono ukifika katikati hubanwa kama kidole mlangoni. Ukipita hapo, mlango unaachia. Dawa yake ni kupumzisha bega, mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira, na jukwaa refu ili mikono isinyooshwe juu sana.

Alirudi kazini akicheka peke yake. Akawapanga mafundi ukutani, akawainulisha mikono. Fundi plasta, mzee wa maneno mengi, akakwama katikati.

"Mimi nilidhani ni uzee!"

"Uzee gani unaokaa bega moja, mzee wangu?"

Shemeji hakucheka. Jioni alipandisha jukwaa mwenyewe, na bega lilipotulia akamrudishia dari zake. Siku hizi humletea soda na kumwita fundi mkuu. Mama Dari hunywa soda, hupaka dari, huimba.

Lakini neno lile lilitamkwa mbele ya watu. Shemeji bado anadaiwa kulifuta, kwa mdomo wake, watu walewale wakisikia. Soda si samahani.