Fundo la Suruali ya Sista Perla

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mtu akiniambia neno ni neno tu, namwangalia. Lipo neno moja, fundo, lililompandisha shangazi yangu basi hadi Nairobi kwenye zile mvua za 1997, yeye ambaye kuvuka daraja la Tana tu humtia kizunguzungu.

Shangazi huyo, eedo kama tusemavyo sisi Wasomali, ni Ugbad, mama yake Keinan, wa Bulla Iftin, hapa Garissa. Mwanamke akifariki mtaani, anayeitwa ni yeye. Anaosha, anakata sanda, anafunga, na akimaliza anaomba chai ya maziwa ya ngamia na kuuliza bei ya mbuzi. Usidhani ni mtu wa huzuni. Anachekesha mpaka waliofiwa wanajificha nyuma ya shungi zao. Ila ukimkosea, ameweka. Analihifadhi kosa lako moyoni kama wengine wanavyohifadhi sukari, na siku akilitoa utalikuta kavu vilevile.

Aliyemkosea alikuwa Sista Perla, mkunga mzee wa kliniki ya akina mama karibu na soko. Mzungu kwa macho yetu, lakini alizaliwa Nakuru na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, hakizunguki. Mtaani aliitwa Sista Berla, maana ile P midomo yetu huikwepa. Mwaka 1994 eedo alimzalisha jirani nyumbani, kisha akamsindikiza kliniki, na Sista akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama Keinan, mikono yako ni michafu." Labda alikuwa anazungumzia sabuni. Lakini mikono hiyo ndiyo inayowaosha mama zetu mara ya mwisho, na foleni ilisikia. Tangu siku hiyo wakikutana walisalimiana tu, basi.

Sasa fikiria asubuhi ile ya Desemba, miaka mitatu baadaye, Sista Perla anabisha hodi na furushi la bafta nyeupe kwapani. Nilikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa. Akaketi mkekani, akasema ana uvimbe tumboni, Jumatano ijayo anapasuliwa Nairobi, na anataka kujiandaa. Tena akasema yeye ni Myahudi. Eedo akanigeukia kana kwamba ni mimi niliyemficha habari hiyo miaka yote.

"Wayahudi wa Nairobi ni wachache," Sista akaeleza. "Wanawake wa kuosha maiti wapo, wataniosha. Lakini bibi aliyekuwa akitushonea sanda macho yamekwisha. Na mkono wa kukata sanda ninaoujua mimi ni wako."

"Kata sanda, naweza," eedo akajibu. "Shona, habana. Sanda haishonwi."

"Ya kwetu inashonwa. Kanzu, joho, mshipi, kofia na suruali."

"Suruali?"

"Suruali."

Miaka ishirini na tano ya kazi ile, na hakuna marehemu aliyewahi kumdai suruali. "Anakwenda wapi nayo?" akaniuliza kwa Kisomali, na mimi, Mungu anisamehe, ilibidi nitoke nje nikacheke uani.

Niliporudi nilikuta mambo yamebadilika. Sista alikuwa anaeleza masharti. Yote ishonwe kwa mkono. Mfuko usiwepo, kwa sababu huko hakuna cha kubeba. Na uzi usipigwe fundo hata moja. Unaanza kwa kurudisha sindano mara mbili tatu, na unamaliza hivyohivyo. Hata mshipi haufungwi fundo, unasokotwa tu.

"Sisi tunafunga," eedo akasema polepole, "lakini kaburini tunafungua."

"Basi tunafika palepale, Mama Keinan."

Hapo eedo akasogea. Mtu anayeipenda kazi yake hawezi kujizuia. Maji mnamwagaje? Yanatiririka bila kukatika. Sisi mara tatu, na mwisho tunatia kafuri. Mnazika lini? Siku hiyohiyo ikiwezekana, ila si Jumamosi. Na waliofiwa? Wanakaa chini siku saba, hawapiki, majirani wanawaletea mayai ya kuchemsha. Kwa nini mayai? Ni duara, kama maisha. Waliongea kama wanawake wawili wanaopeana siri za pilau, na chai ikapoa. Nilidhani lile la foleni limeisha, kumbe wapi.

Akampima. Mimi nilikuwa naandika vipimo. Alipofika kiunoni Sista akavuta tumbo ndani, na eedo akasimama na utepe mkononi.

"Toa pumzi, Sista. Huko hutaweza kulibana."

Sista akacheka mpaka akashika mbavu, akalalamika kwamba uvimbe wake hautaki mzaha. Eedo alitabasamu, lakini kwa mdomo tu. Ninamjua.

Alishona siku tatu. Kazi safi, mshono mdogomdogo, kila uzi unaanza kwa kurudisha na kumaliza kwa kurudisha. Siku ya tatu, akiwa kwenye pindo la mguu wa kushoto wa suruali, alifika mwisho wa uzi, akapiga fundo, akakata kwa meno.

"Eedo," nikasema, "umepiga fundo."

"Nimeliona."

"Lifungue basi."

Akaikunja suruali. "Mikono michafu haioni vizuri," akasema, akaniambia nikamwangalie mbuzi.

Nilikasirika. Mtu amekuja kwako na mauti yake mkononi, wewe unamlipizia kwenye pindo? Nilitaka kumwambia Sista, nikashindwa. Huyu ni dada wa baba yangu, nitaanzia wapi. Alasiri Sista akaja kuchukua nguo. Alipapasa kila mshono kwa kidole, akashukuru. Akiwa mlangoni akageuka.

"Sikukuambia jambo moja. Wale wanawake wetu wanaoosha, wanamwita maiti kwa jina lake, wanamwomba radhi, ikiwa wamemkosea kwa lolote."

"Na yeye anajibu nini?" eedo akauliza.

"Hajibu. Shida ndiyo hiyo."

Akaenda zake. Eedo alibaki mlangoni mpaka gari lake likapotea. Jioni hakula. Kesho yake hakula. Jumatatu kulipokucha nilimkuta amevaa, amekaa juu ya begi lake, na wembe umefungwa kwenye karatasi ya daftari langu.

"Ifrah, tunakwenda," akasema. "Akifa Jumatano na fundo langu mguuni, nitamwomba radhi nani?"

Safari yenyewe siisimulii, aliyesafiri mwaka ule anaijua. Barabara ilikuwa imekatika pale Ukasi, tulivuka tope kwa miguu na viatu mkononi, askari wa kulinda msafara wa mabasi wakitungoja ng'ambo, na eedo alitapika kuanzia Mwingi mpaka Thika bila kulalamika. Mchana wa Jumanne tulisimama mbele ya kitanda cha Sista Perla. Alikuwa amevaa gauni la hospitali, mdogo kuliko nilivyomzoea, na lile furushi jeupe liko juu ya kabati la kando.

Eedo hakusalimu. "Sista Berla. Kwa suruali, iko fundo. Mguu wa kushoto. Si bahati mbaya. Niliweka mimi. Nisamehe." Na machozi yakamtoka, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia, hata kwa maiti wake mwenyewe.

"Nililiona siku ileile," Sista akasema. "Miaka thelathini nashona vidonda vya watu, fundo nisilione?"

"Kwa nini hukulifungua?"

"Kwa sababu nilijua limetoka wapi. Limetoka kwenye foleni." Akanyoosha mikono. "Lete yako."

Eedo akampa. Sista akaishika ile mikono miwili, yenye tope la Ukasi kwenye kucha, akaiweka usoni mwake. "Nilikosea, Mama Keinan. Nilisema mbele ya watu, na miaka mitatu nimeona haya kuja kusema pembeni. Nisamehe wewe kwanza."

Walikaa hivyo. Mimi nilisoma maandishi kwenye chupa ya dawa, siikumbuki hata ilikuwa dawa gani. Kisha eedo akafuta pua, akatoa wembe, akaivuta suruali.

"Acha," Sista akasema.

"Kesho unapasuliwa. Nifungue."

"Fundo nililolitaka litoke limetoka. Hilo la uzi liache. Ukilifungua leo nguo imekamilika, na mimi sina haraka na nguo iliyokamilika." Akamsukumia suruali kifuani. "Kaa nayo. Siku ikifika utakuja ulifungue kwa mkono huo."

"Na kama mimi natangulia kufa?"

"Huna ruhusa. Una kazi yangu."

Wakaanza kubishana nani atangulie, sauti ikapanda, mpaka muuguzi akaja kututoa.

Sista alipasuliwa, akapona. Sasa ni 1999, amestaafu na anaishi Nairobi, lakini kila baada ya miezi michache anashuka Garissa akiwa na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, utani wake mwenyewe. Suruali iko kwenye sanduku la bati la eedo, pamoja na kafuri na bafta za watu wengine. Mwaka jana eedo aliugua malaria vibaya, hata kina Keinan wakaitwa nyumbani. Sista alifika, akaketi kando ya kitanda, akamkumbusha kwa ukali kwamba ana kazi haijaisha. Siku ya tatu eedo akaomba uji.

Kwa hiyo hawa wawili hawaulizani hali. Sista akifika mlangoni huuliza neno moja tu.

"Lipo?"

"Lipo," eedo hujibu.

"Basi mimina chai."