Spogmai na Moshi wa Nyumba Yetu

Spogmai anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Ni mjane, ana kikohozi kisichopona, na akicheka huziba mdomo kwa shali. Miaka kumi na moja amezunguka kijiji chetu, nje ya mji wa Bannu, na kisanduku cha barafu begani, akiwatia watoto matone mdomoni wasipate polio. Akishampa mtoto humpaka wino kidole kidogo, kisha huandika mlangoni kwa chaki: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wamo, wangapi wamepata.

Kwetu kichanga hatolewi kwa wageni mpaka arobaini itimie. Hata kutajwa hatajwi. Hufukiziwa mbegu chungu asubuhi na jioni, jicho la husuda limpite.

Mwezi wa tatu Spogmai alibisha hodi. Mama alikuwa amejifungua msichana siku tisa nyuma. Mdogo wangu Sangin, wa miaka minne, alikuwa amekaa uani, mguu wake uliosinyaa ameunyoosha juani. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyefungua.

"Chai ipo, watoto hakuna ila huyu. Na kwa huyu mmeshachelewa."

Spogmai akampa Sangin matone, akampaka wino.

"Na kichanga, Bibi?"

"Kichanga gani? Nimezaa mimi, na meno haya mawili?"

Askari anayemlinda, maana huku wachanjaji hupigwa risasi, akacheka kule nje. Spogmai hakucheka.

"Moshi nausikia."

"Nafukuza mbu."

"Mbu na baridi hii?"

"Unanusa nyumba za watu kama paka! Andika chaki yako, nenda."

Akainua chaki. Mkono ukasimama hewani. Halafu akaketi pale kizingitini, kisanduku akakiweka chini.

"Bibi, Sangin alipozaliwa nilikuja. Moshi ulikuwepo. Ukasema hakuna mtoto, nikaona haya kumbishia mtu mzima, nikaandika wote wamepata. Duru za chanjo zilizofuata ukasema yuko kwa wajomba, nikaitikia. Nilijua yumo ndani."

Nyuma ya pazia nikamsikia mama akivuta pumzi. Tangu mguu wa Sangin ulegee, Bibi alikuwa akimlaumu yeye: eti alimpeleka mtoto arusini kabla ya arobaini, akapigwa jicho.

"Ulijua?" Bibi akauliza.

"Nilijua."

"Na chai yangu ukanywa."

"Nikanywa."

Bibi akaingia ndani. Alikaa sana, mpaka askari akaanza kuita. Akatoka na mtoto kazungushiwa shali tangu kichwani, pameachwa tundu tu.

"Mdomo. Uso wake hutauona."

"Sitauona."

Matone mawili. Bibi akachomoa kidole chenyewe, chembamba kama mche wa dengu, kikapakwa wino. Mlangoni Spogmai akaandika: wawili, wawili.

"Sasa mlango huu usiuguse tena," Bibi akamwambia. "Aje mwingine."

Siku hizi matone hutuletea msichana wa kijiji cha pili. Spogmai husimama kule pembeni, kwenye ukuta wa kinu cha kusagia ngano, anakohoa, shali mdomoni. Bibi humwona, hamsalimii. Lakini mlango haufungi mpaka chaki imeandika. Msichana akitoka humwinulia Spogmai vidole viwili, na hapo ndipo Spogmai anapobeba kisanduku chake na kwenda nyumba nyingine.