Maji Hayajachoka Hayo

Enzi zetu pale Mbeya, maji hayakumwagwa kabla hayajamaliza kazi. Bomba lilitoa maji mara mbili kwa wiki, nasi tukikimbilia ndoo, madiaba, hadi sufuria la ugali. Maji ya kusuuzia nguo yalideki sakafu, kisha yakaenda kwenye migomba. Ukijisahau ukayamwaga uani, Mama alikuuliza, "Hayo yamechoka? Au umechoka wewe?" Kuoga ilikuwa ndoo moja watu wawili, na kwa baridi ile ya Juni, nani angelalamika? Wanangu leo wanaoga mpaka nyimbo tatu ziishe kwenye simu.

Jumamosi moja, dada yangu Tumaini alikuwa apate kipaimara kesho yake. Mama alikuwa ametenga ndoo ya mwisho ya maji safi ya kufulia gauni lake jeupe, alilorithi kwa binamu yetu likiwa na vumbi jekundu pindoni. Mimi na kimbelembele changu nikaikuta ndoo karibu na mlango wa nyuma, mahali tulipozoea kuweka maji ya migomba. Nikayamwaga yote shambani, nikarudi nikisubiri sifa. Tumaini alipoiona ndoo tupu alikaa kizingitini akalia, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama hakunichapa. Alinipa ile ndoo akasema, "Nenda kwa Mama Amina. Ukamweleze mwenyewe ulichofanya."

Mama Amina alikuwa jirani yetu, muuza vitenge. Na yeye alibakiwa na ndoo moja tu. Alinisikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaimimina yote kwenye ndoo yangu. "Chukua mwanangu. Leo kwangu tutanawa nyuso tu."

Jumapili Tumaini aling'aa kanisani, na pilau ya sherehe aliipika Mama Amina.

Siku hizi nina tenki la lita elfu mbili. Mwezi uliopita mabomba ya mtaani kwetu yalikauka siku nne. Jirani yangu, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, akaagiza boza la maji. Lilisimama mbele ya geti langu, na tenki langu lilikuwa bado nusu. Nilichungulia dirishani mpaka likaondoka. Roho iliniuma. Tumekaa jirani miaka mitatu, na haikumjia akilini kwamba angeweza kuniomba hata ndoo moja.